Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa: Bustani Zetu Si Uchafu

Kwa Mkurugenzi wa Manispaa,
Dar es Salaam.

Nakala: Mstahiki Meya, Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Mkuu wa Idara ya Usafi na Mazingira, Afisa Afya wa Kata, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUFYEKWA KWA BUSTANI ZA WAKAZI NA KUPULIZWA DAWA BILA TAARIFA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa siku nyingi wa manispaa hii, mwalimu mstaafu wa biolojia, na mmoja wa wakazi wa mtaa wetu wanaopanda na kutunza mimea kwenye viwanja vyao. Ninakuandikia hadharani kwa sababu njia ya kawaida tumeipita yote. Tulianza kwa mjumbe, tukaenda kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, tukamwandikia Mtendaji wa Kata, na barua zetu zimegongwa muhuri wa kupokelewa mpaka kwenye masijala ya ofisi yako. Hatujajibiwa hata mstari mmoja. Wakati tukisubiri, mafyekeo yamerudi, na safari hii yamekuja pamoja na mabomba ya dawa.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na usafi. Tangu Desemba 9, 2015, sherehe za Uhuru zilipogeuzwa kuwa siku ya kufagia na kuzoa taka nchi nzima, nimekuwa nikitoka na ufagio wangu Jumamosi ya mwisho wa mwezi kama majirani zangu. Nimeona mitaro iliyoziba ikipitisha maji tena. Kazi hiyo ni njema, na vijana wanaoifanya kwa ujira mdogo wanastahili heshima. Ninachokilalamikia ni kwamba katika mtaa wetu kampeni imeacha kuhangaika na taka, ikahamia kwenye mimea. Chupa na mifuko ya plastiki bado imejaa mtaroni. Kilichopakiwa kwenye gari ni bustani zetu.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Bustani zinafyekwa bila kipimo chochote.

Amri tuliyosomewa inasema tuondoe vichaka na majani marefu. Marefu kiasi gani, na majani yapi, tuliuliza na hakuna aliyetujibu. Matokeo yake, kila mwenye fyekeo anaamua mwenyewe. Kwa jirani yangu, mama mjane anayeuza mboga, waling'oa matuta ya matembele, mlenda na mnafu wakisema ni magugu. Michongoma yake, iliyopogolewa vizuri usawa wa kifua, ilikatwa mpaka chini ikiwa na viota vya shore vyenye makinda. Mimi nilipigwa faini kwa ajili ya shimo la mboji lililofunikwa vizuri, likaandikwa kwenye karatasi kuwa ni jalala.

Ningependa ofisi yako ielewe kinachopotea, maana sidhani aliyetoa amri alikusudia hasara hii. Chukua mpapai, mti ambao karibu kila ua wa Pwani unao. Mpapai jike wa kienyeji hauzai bila kupata chavua ya mpapai dume, na wanaobeba chavua hiyo kwa sehemu kubwa ni nondo wakubwa wanaoruka magharibi, jua likishazama. Nondo hao kabla ya kuwa nondo ni viwavi, na viwavi wao hula mimea pori inayoota kwenye ua na pembezoni mwa viwanja. Ukifyeka pembe zote za mtaa mpaka zikabaki udongo mtupu, umewafyeka nondo, na mwakani utaona mipapai imesimama na maua bila matunda. Watu watalaumu mbegu.

Maboga nayo yana ua dume na ua jike, kila moja peke yake, na bila nyuki kupita asubuhi hakuna boga. Mpesheni unawategemea nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa mbao kavu na kutaga humo. Kuna pia nyuki wadogo, wasiouma kabisa, ambao hujenga kwenye nyufa za kuta na mashina yenye mapango. Wakazi wengi hawajui hata kuwa wanaishi nao. Asali yao inatafutwa kwa bei kubwa kuliko ya nyuki wa kawaida, na mtaani kwetu mizinga yao imezibwa kwa saruji au kupuliziwa dawa kwa kuwa mtu aliona kundi la wadudu ukutani akaogopa.

Mlimao nao una mgeni wake: kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye hutaga kwenye majani ya mlimao, mdimu na mchungwa. Kiwavi wake akiwa mchanga anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, na ndivyo anavyojiokoa asiliwe. Atakula majani kadhaa, ndiyo, lakini mlimao uliokomaa hauumizwi na majani hayo. Kule Gede, Kenya, wakazi wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo tangu 1993 na kuuza pupa zao nje ya nchi. Amani, Usambara Mashariki, wanakijiji wetu wenyewe wamefanya kazi hiyo hiyo. Kwao kiwavi ni kipato. Kwetu ni sababu ya kuandikiwa faini.

2. Dawa inapulizwa bila taarifa, mahali pasipofaa na saa isiyofaa.

Hili ndilo lililonifanya niache kusubiri. Dawa ya kuua magugu imepulizwa kando ya kuta na mitaro ambako akina mama huchuma mchicha na mlenda, na ambako watoto hucheza. Hapakuwa na tangazo la kipaza sauti, hapakuwa na bango, na aliyekuwa na bomba mgongoni alikuwa amevaa kandambili na hana barakoa. Tulimuuliza jina la dawa, akasema ameikuta imeshachanganywa. Nchi hii ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kila kopo la kiuatilifu linalouzwa kihalali lina kibandiko kinachoeleza kipimo, mavazi ya kujikinga na muda wa kusubiri kabla ya kuvuna. Mpulizaji wa manispaa hapaswi kufanya kazi bila kukiona kibandiko hicho, na mkazi anayechuma mboga ana haki ya kujua asubiri siku ngapi.

Dawa ya mbu nayo imepulizwa saa nne asubuhi, jua likiwa limechanganya, nyuki wote wakiwa mauani. Viuatilifu vya jamii ya pareto vinavyotumika sana kwa kazi hiyo ni sumu kali kwa nyuki na kwa samaki. Siku ile ile tuliokota nyuki kwenye sakafu za baraza, na vunjajungu, na kerengende. Hao wawili wa mwisho ni wawindaji. Kerengende akiwa bado mchanga majini hula viluwiluwi vya mbu, na akikua huwakamata mbu wakiruka. Manispaa iliwaua wafanyakazi wake wasiodai mshahara.

Zaidi ya hayo, sumu ya panya imetupwa wazi kwenye mitaro. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hutembea akiyumba kwa siku kadhaa, na bundi anamkamata kirahisi. Bundi naye anakufa. Najua wengi wetu tunamwogopa bundi na kumhesabu kuwa ni uchuro, lakini hakuna mnyama anayekula panya usiku kucha kwa bidii kama yeye.

3. Kunguru wanaachiwa mtaa.

Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili wale taka, wakavuka kuja bara, na leo wanaitawala Pwani nzima. Wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, wanabeba vifaranga vya kuku, wanachafua matangi ya maji. Jiji hili limewahi kuwawinda kwa mitego na sumu, na Kenya mwaka 2024 ilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja.

Kunguru anataka vitu viwili, jalala lililo wazi na viota asivyopata shida kuvifikia. Manispaa yetu inampa vyote. Kizimba cha taka cha mtaa wetu hakina mfuniko na hukaa bila kuzolewa mpaka kinafurika, huku ua wa miiba, mahali pekee ambapo shore, chozi na mnana wanaweza kuficha makinda wao, ukikatwa. Halafu tunashangaa kwa nini asubuhi tunaamshwa na mlio mmoja tu.

4. Viwanja vinasakafiwa na maji hayana pa kwenda.

Maofisa wako wanatushauri waziwazi tuweke pavingi ukuta kwa ukuta, kwamba ndiyo nyumba ya kisasa. Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ua wa mita za mraba 100 uliosakafiwa wote, ukinyeshewa milimita 50, unamwaga lita 5,000 barabarani, na mvua ya namna hiyo wakati wa masika si ajabu hapa. Zidisha kwa nyumba zote za mtaa. Maji hayo yanateremka mabondeni, kwa watu ambao hawana pavingi wala ukuta. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 katika jiji hili, na bonde la Msimbazi limefurika mara nyingi baada ya hapo. Sisemi ua wa mtu mmoja ndio ulioleta maafa. Nasema serikali inayotumia fedha nyingi kulinda bonde haiwezi, kwa mdomo mwingine, kuwahimiza watu wa juu wazibe kila shimo ambalo mvua ingezamia. Ardhi yenye mizizi, majani makavu na nyungunyungu hunywa maji. Ukoka tu unasaidia. Matuta na miti husaidia zaidi.

5. Miti inayogawiwa si ile tunayoihitaji.

Kila halmashauri nchini ina lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na Aprili 1 ni siku ya kitaifa ya kupanda. Tunaunga mkono. Lakini miche tunayoletewa ni ileile ya mapambo, ambayo haina tunda la ndege wala ua la nyuki wetu. Mkwaju, mkuyu, mfuru na mbungo ni ya ukanda huu, inavumilia kiangazi, na watoto wa Pwani wanaijua kwa ladha. Ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, ambalo ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao katika miaka ya 1890, leo linakaa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani. Wenzetu waliona thamani ya mimea yetu, na sisi kwenye kitalu cha manispaa hatuipati.

Sasa nijibu yatakayosemwa, kwa sababu tumeshayasikia kwenye mikutano ya mtaa.

Mtasema majani yanazalisha mbu. Hapana, Ndugu Mkurugenzi. Mbu huzaliana majini. Ni kweli mbu mzima hupumzika kwenye kivuli cha majani mchana, na ndiyo maana ua ulio karibu na dirisha upogolewe. Lakini mbu wa dengue, ugonjwa uliolitesa jiji hili mwaka 2014 na tena 2019, hutaga kwenye vyombo vyenye maji: matairi, makopo, vifuu, visahani vya vyungu vya maua, matangi yasiyofunikwa. Mayai yake hugandama ukingoni na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji, kwa hiyo kumwaga peke yake hakutoshi, chombo kisuguliwe. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10, kwa hiyo mkazi akisugua vyombo vyake kila wiki, mbu hawafiki utu uzima. Kazi hiyo haihitaji fyekeo. Na kwa madimbwi yasiyoondoleka, Kibaha kuna kiwanda cha serikali kinachotengeneza dawa ya kibaiolojia, bakteria wanaoua viluwiluwi vya mbu majini bila kumgusa nyuki. Mwaka 2017 Rais Magufuli alizitaka halmashauri ziinunue dawa hiyo. Manispaa yetu imenunua kiasi gani, na imemwagwa wapi? Tunaomba jibu la swali hili hata kama mengine yatasubiri.

Mtasema nyoka. Hofu ya nyoka ni ya haki na mimi siidharau. Mzazi yeyote anaielewa. Nyoka hufuata chakula, na chakula chake kikubwa mjini ni panya. Panya hufuata taka, pumba za kuku zilizomwagika, na marundo ya matofali na mbao yaliyosahauliwa nyuma ya nyumba. Ondoeni hayo. Njia za kupita watu na mlangoni pabaki wazi, majani yawe mafupi. Bustani yenye matuta yaliyopangwa na njia katikati si mahali pa mtu kukanyaga nyoka bila kumwona.

Mtasema vibaka wanajificha. Michongoma iliyopogolewa usawa wa kifua haimfichi mtu aliyesimama, na miiba yake haipitiki. Kinachowaficha vibaka mtaani kwetu ni giza. Taa za barabarani zimekufa muda mrefu na tumeziandikia barua pia.

Mtasema wapo wakazi wanaotumia maneno haya kujificha, viwanja vyao vimeota pori na wao wenyewe hawaonekani. Wapo, na tunakubali waandikiwe faini. Ndiyo sababu tunataka kipimo kilichoandikwa, ili afisa aweze kumtofautisha mwenye bustani na mwenye gofu.

Na mtasema bajeti. Karibu kila tunachoomba ni kuacha kufanya jambo, na kuacha hakuna gharama. Mboji yenyewe inawapunguzia mzigo: zaidi ya nusu ya taka za majumbani katika jiji hili ni mabaki ya chakula na majani. Kila ndoo ya maganda ya ndizi inayooza uani kwangu ni ndoo ambayo gari lenu halikulazimika kuipeleka mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi. Rundo linalochanganywa majani makavu na maganda mabichi, likageuzwa lipate hewa, bila nyama wala mifupa, halinuki na halileti nzi. Yeyote katika ofisi yako anakaribishwa kulichota kwa mkono.

Kwa hiyo tunaomba mambo yafuatayo, na tunayaomba kwa maandishi:

(a) Ufyekaji ndani ya viwanja vya wakazi usimame mara moja mpaka kipimo kiandikwe na kibandikwe kwenye ofisi za mitaa. Kipimo kitaje urefu wa ua wa miti, umbali kutoka barabarani na kwenye mtaro, na kitamke wazi kwamba mboga, miti ya matunda na shimo la mboji lililofunikwa si taka.

(b) Hakuna dawa itakayopulizwa bila taarifa ya angalau siku tatu kupitia wajumbe, ikitaja jina la dawa na muda wa kutochuma mboga. Dawa ya magugu isitumike kabisa kando ya mitaro na kuta. Upulizaji wa mbu, pale tu Afisa Afya anapothibitisha mlipuko, ufanyike jioni nyuki wakiwa wamerudi.

(c) Kizimba cha taka cha mtaa kifunikwe, na ratiba ya gari la taka ibandikwe hadharani.

(d) Vibali vya ujenzi vitake sehemu ya kiwanja ibaki udongo. Hatung'ang'anii kiasi, wahandisi wenu wakae na watu wa mazingira wakipange.

(e) Kitalu cha manispaa kiwe na miche ya mkwaju, mkuyu, mfuru na mbungo kabla ya Aprili 1. Baadhi yetu tuna mbegu na tutazitoa bure.

(f) Mama aliyeng'olewa mboga zake afidiwe. Yeye hakuwa na bustani ya kujipamba. Alikuwa na duka lake pale chini.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 6 kinamtwika kila mmoja wajibu wa kuyalinda. Tumekuwa tukitimiza wajibu huo kwenye viwanja vyetu, kwa gharama zetu. Tusipopata majibu kabla mvua za masika hazijaanza, tutapeleka nakala za barua zote, picha na karatasi za faini kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na tutaomba Diwani aliweke suala hili kwenye baraza la madiwani.

Tungependelea zaidi uje. Uje na Afisa Afya wako asubuhi, kabla jua halijawa kali, tukutembeze kwenye viwanja vilivyofyekwa na vichache vilivyosalimika. Mwenyekiti wa Mtaa ana namba zetu na yuko tayari kupanga siku.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa mtaa, kwa niaba ya wakazi waliotia saini orodha iliyopelekwa ofisini kwako.